Je, Yafaa Kuandika Yaliyofichwa na Wazee?

Kazi ya mwalimu ni kuwauliza wengine maswali. Leo nataka kuwauliza ninyi swali lililonisumbua mimi mwenyewe muda wa mwaka mzima, nalo ni hili: wazee wakiwa wamelificha jambo kwa ajili ya upendo, je, ni halali mjukuu kulifunua kwa kuliandika?

Chanzo chake ni hiki. Wazee wa parokia yetu ndogo, iliyo kando ya ziwa, si mbali na Mwanza, walinituma nikusanye habari za mahali petu na za jamaa zake, zipate kuchapwa katika kitabu kidogo. Niliifurahia kazi ile. Katika Uingereza kila parokia iliamriwa tangu mwaka 1538 kuwaandika wabatizwao, waoao na wazikwao. Kwa hiyo hata mkulima wa kijiji kidogo huko aweza kuwatafuta wazee wake wa vizazi vingi na kuwaona. Kwetu maandishi ni machanga. Mapadre Weupe waliondoka Buganda mwaka 1882, wakaanza misheni ya Bukumbi mwaka 1883. Vitabu vya ubatizo vya misheni zetu havipiti miaka ile. Yaliyotangulia yamo vinywani mwa wazee, na vinywa hivyo vyafumbwa kimoja kimoja.

Tena, wageni walipoandika, waliandika zaidi habari za wageni wenzao. Twajua ya kuwa Speke aliliona ziwa hapa Mwanza mwaka 1858. Twajua ya kuwa Stanley alifika Kageye mwaka 1875, na kwamba Frederick Barker, kijana aliyefuatana naye, alikufa papo hapo mwaka ule ule. Lakini wale wapagazi walioibeba mashua yake vipande vipande toka pwani, ni wangapi kati yao tuwajuao kwa majina? Kwa sababu hiyo namheshimu sana marehemu Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyemaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe kitabu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akihifadhi ndani yake desturi za wazee wake. Kitabu kile kilichapwa kwa Kiswahili mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Asiyeandika habari zake huandikiwa na wengine, au husahauliwa.

Basi, nilipewa ruhusa kuvifungua vitabu vya zamani vya ubatizo. Siku moja nikaliona jina la bibi yake babu yangu. Sisi sote nyumbani tulifundishwa ya kuwa mama huyu alikuwa binti wa ukoo mmoja wa kilima cha jirani, na watu wa ukoo ule ndio wajomba zetu hata leo. Lakini mahali pa majina ya wazazi wake palikuwa patupu, na pembeni paliandikwa neno moja la Kilatini, maana yake "amekombolewa".

Nikaenda kwa babu yangu mdogo, ambaye ni mzee sana. Alinyamaza kitambo, kisha akanieleza. Mama yule aliletwa na msafara akiwa mtoto, hajui kwao wala ukoo wake. Mapadre walimkomboa kwa nguo, akalelewa misheni. Hata alipoposwa, pakawa na shida: nani atapokea mahari? Nani ataitwa mjomba na watoto wake? Ndipo mzee mmoja wa kilima kile akasimama mbele ya watu akasema, "Huyu ni binti yangu." Akapokea ng'ombe kama baba apokeavyo. Mwanawe mama yule alipooa, wana wa mzee yule walikuja kama wajomba. Na mama alipokufa, walimlilia kama dada yao. Tangu hapo hakuna aliyelitaja jambo hili.

Babu akamaliza kwa kusema, "Mjukuu wangu, wazee wale walilifunga. Nani amekupa wewe ufunguo?"

Swali hilo si jepesi, nami sikutaka kulijibu kwa haraka. Kwanza nilijiuliza kama lipo jambo la aibu hapa. Mtu akiibiwa, aibu ni ya mwizi. Mtoto aliyeuzwa hakutenda kosa lo lote. Waswahili husema, "Mwacha asili ni mtumwa". Lakini mama yule hakuiacha asili yake, alinyang'anywa. Sheria nayo ilikwisha sema: Wajerumani waliamuru ya kuwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru, na mwaka 1922 utumwa ulikomeshwa kabisa katika Tanganyika. Lakini sheria haiwezi kukomesha ulimi. Hata siku hizi watu wakigombana kwenye pombe, tusi la utumwa hutafutwa kama mtu atafutavyo jiwe. Babu yangu aliogopa jiwe hilo, wala hofu yake si ya kuchekwa.

Pili nilijiuliza: yule mzee wa kilimani, je, alisema uongo? Naona sivyo. Kama angalisema "binti yangu" kisha akala ng'ombe na kumsahau, ungalikuwa uongo mtupu. Lakini alilifuata neno lake kwa matendo, na wanawe wakalifuata baada yake. Kuna maneno ambayo ni kweli kwa sababu tumeyakuta kweli, na kuna maneno ambayo mtu huyafanya kuwa kweli kwa kuyatunza. Tena tazameni jambo hili: sisi tukidhani kwamba alikuwa baba wa damu, hatuna la kumsifu, maana alitenda litendwalo na kila baba. Tukijua kwamba hakuwa wa damu, ndipo tunapoona ukubwa wake. Kwa kuficha utumwa wa mama yule, twaficha pia wema wa mzee yule.

Kwa fikira hizo nilikuwa karibu kuandika yote. Lakini likazuka la tatu. Kweli si yangu peke yangu. Nyumba hizi mbili hazioani, kwa kuwa twaitana ndugu. Je, kijana akisoma ya kwamba hatuna damu moja, atazuiwa na nini kumposa binti wa mjomba wake? Na akikubaliwa, agano la wazee litakuwa limevunjwa na kalamu yangu. Mwenye kweli mkononi asijidhani kuwa amepewa na ruhusa ya kuipiga mbiu sokoni.

Basi niliandika habari ile katika daftari, nikawasomea wazee wa nyumba zote mbili wakiwa pamoja. Mkubwa wa wajomba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na wale ng'ombe, kitabu kimeandika walikuwa wangapi?" Watu wakacheka. Kisha akasema kwamba yeye haoni vibaya, maana baba zake walilijua, na mjomba ni mjomba tu. Babu yangu mdogo hakucheka. Alisema, "Mimi nilimwona bibi yule kwa macho yangu. Hakupenda kuulizwa."

Nikamtii. Katika kitabu cha parokia tendo la mzee wa kilimani limeandikwa bila majina. Habari yote imo katika daftari, nalo limo sandukuni, chini ya ulinzi wa nyumba mbili. Hata makala hii nilimsomea babu kwanza, na ndiyo sababu hamkuona humo jina la mtu wa kwetu wala la kilima.

Wako watakaosema nimekuwa mwoga, na wako watakaosema hata haya yamezidi. Mimi naona hivi: yatupasa kuandika, maana aliye kimya hawezi kumshukuru mtu; lakini yatupasa kuandika mbele ya macho ya wale watakaoubeba uzito wa maneno yetu. Kama nimekosa, basi na wasomaji wanionyeshe nilipokosa. Vitabu vya zamani vingali wazi, na wazee wachache wangali hai.