Hasara ya Nani?

Mama aliuza ng'ombe wa maziwa Kitale ili nisome chuo Bungoma. Mwaka wa pili nikaacha. Si ati nilifeli; nilichoka kumwona akikopa. Theodore Schultz, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi 1979, alifundisha kwamba kusomesha watu ni kuwekeza, na nchi hukua kwa njia hiyo. Kenya ilifuta karo ya shule za msingi 2003, nami nikanufaika. Sawa. Lakini mtaji wenyewe ukirudi kukaa nyumbani, hasara ni ya nani? Serikali haijaniulizia. Mama naye siku hizi hununua maziwa ya pakiti. Nikilipwa kwa makala, namtumia chochote kwa M-Pesa. Hurudisha nusu. "Ya nauli," anasema, "siku ukirudi chuo."