Nani Alimwazima Nani

Barua ile niliiandika mimi, chini ya mwembe, mfuniko wa ndoo ukiwa ndiyo meza. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na upande wetu wa bonde la Mbwemkuru kijana wa aina hiyo ni karani, mkalimani na wakili kwa pamoja. Mzee mmoja, jirani yetu, alikuwa amewaruhusu watafiti wa madini ya kinywe waweke mahema shambani kwake. Walipoondoka, mikorosho 11 ilikuwa imekatwa ili gari lao lipite. Alitaka alipwe.

"Andika Kiingereza, mjukuu wangu," aliniambia. "Kiswahili watakiona malalamiko tu."

Nikaandika kwamba aliiazima kampuni shamba lake. Nikaweka "borrowed". Neno lililotakiwa pale ni "lent".

Msemaji wa Kiswahili ataona nilipojikwaa. Kuazima kwetu kunakwenda pande zote mbili. "Niazime jembe," anasema asiye nalo. "Nimemwazima jembe," anasema mwenye nalo. "Nimeazima jembe" ni maneno ya yule atakayelirudisha. Kinachotofautisha ni kasilabi kadogo katikati ya kitenzi, basi. Najua kuna kuazimisha, kama ilivyo kukodi na kukodisha, lakini nani kijijini anaomba "niazimishe jembe"? Kiingereza kimempa anayetoa neno lake, "lend", na anayepokea lake, "borrow", na hayo mawili hayana hata herufi moja ya pamoja. (Nacho kisijivune sana. Kwenye "rent", mwenye nyumba na mpangaji wanatumia neno hilohilo.)

Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa, lenye adabu tupu. Kwa kuwa mwandishi mwenyewe amekiri kwamba shamba aliliazima, lilisema, kampuni ingependa kuzungumza na mwenye shamba.

Darasani kosa hilo lilikuwa na bei yake: nusu alama, na kicheko. Lilelile, kwenye barua ya mzee, likabeba mikorosho 11. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba mwenye dhambi ni yule aliyeisoma. Alilala katika shamba lile. Alikunywa maji ya mzee. Alijua vizuri nani alimwazima nani, na hakuna kamusi iliyoweza kumsahaulisha. Mimi nilikosea neno bila kudanganya. Yeye alidanganya bila kukosea neno hata moja.

Baadaye nilisoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, nikafika pale Portia anapoukamata mkataba kwa maneno yake: nyama umeandikiwa, damu hukuandikiwa. Nilifurahi kama kila mtu, kisha furaha ikaniganda. Hiyo si ndiyo njia ileile ya kampuni? Kulishika neno, kuiacha maana? Nimelirudia swali hilo mara nyingi, na ninapokaa nalo naona tofauti hii: Shylock ndiye aliyeng'ang'ania herufi, akakataa kila ombi la huruma, na kwa herufi hiyohiyo akapimwa. Mzee hakung'ang'ania herufi yoyote. Aliwaonyesha mahali pa kuweka mahema kwa kidole.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Nilishangilia, ingawa barua yetu haikuwa ya mahakama. Hakuna aliyetulazimisha kuandika Kiingereza. Tulikiomba heshima, nacho kikatuomba tukijue.

Lakini hayo yote ni ya msomaji wa kampuni, na mimi nimezoea kukaa kwake ili nisirudi kwangu. Siku jibu lilipofika, mzee alinipa nimsomee. Niliona neno langu mle ndani, limewekwa kati ya alama za kunukuu. Nikalielewa palepale. Barua ya pili, mistari mitatu, ingetosha kusahihisha. Ila ningelazimika kumweleza mzee kwa nini inaandikwa.

"Wamekataa, babu," nikasema. "Hawataki kulipa."

Akanyamaza. Kisha akauliza kama niliandika kwamba mikorosho ile ilipandwa na marehemu mke wake. Nikamjibu ndiyo, na hilo lilikuwa kweli, na hata tahajia yake ilikuwa sahihi.

Alinishukuru kwa kazi, akanipimia karanga. Mwezi uliofuata alimleta shemeji yake, akimwambia njiani, nikisikia, kwamba kijana huyu Kiingereza anakijua. Shemeji alikuwa na barua ya kuandikiwa. Nilichukua kalamu.