Daktari Asiyelala

Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali ya kanisa iliyokuwa jirani na usharika tuliouhudumia, ilifanyika sherehe ya kumuaga daktari aliyekuwa anahamishwa. Pilau ilipikwa, kwaya ya akina mama iliimba, na mchungaji akaombwa kusema neno. Tulisimama tukasema tunamshukuru Mungu kwa kutupatia daktari asiyelala. Watu wakapiga vigelegele. Daktari mwenyewe aliinamisha kichwa, nasi tukadhani ni unyenyekevu.

Kesho yake alikuja ofisini kwetu akafunga mlango. Alisema, "Mchungaji, lile neno la jana limenikosesha hata huo usingizi kidogo ninaoupata." Ndipo akasimulia. Usiku mmoja, baada ya kufanya kazi tangu asubuhi, alikuwa amewafanyia upasuaji akina mama wawili walioshindwa kujifungua. Alfajiri akaitwa wodi ya watoto. Aliandika dawa kwenye faili, nukta ya desimali ikakaa mahali pasipo pake, na dozi ikawa mara 10 ya ile iliyotakiwa. Muuguzi wa zamu, mama aliyebakiza miaka michache kustaafu, aliirudisha faili mezani akasema kwa upole, "Daktari, hebu tusome tena hapa." Mtoto akapewa dozi sahihi, na siku ya tatu akaruhusiwa kwenda nyumbani. Wazazi wake hawakujua lolote. Lakini tangu siku hiyo, kila alipokaribia meza ya Bwana, daktari aliiona ile nukta. Swali lake lilikuwa moja: "Je, hii ni dhambi yangu?"

Tulimpa faraja ya haraka, ile ambayo sisi wachungaji huwa nayo mfukoni. Tulimwambia hakukusudia, na tena mtoto ni mzima. Akatutazama. "Kama ningeendesha gari nikiwa nimelewa, nikamkosa mtoto wa shule kwa sentimita chache, ungeniambia hivyo hivyo?"

Hatukuwa na jibu. Baadaye tulipoanza kusoma habari za usingizi, tuligundua kwamba mfano wake haukuwa wa kutia chumvi. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuwapima watu waliokaa macho muda mrefu na watu waliokunywa pombe. Mtu aliyekaa macho saa 17 alifanya kazi ya mkono na jicho kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Alipofikisha saa 24, alikuwa kama mwenye asilimia 0.10. Ziko nchi nyingi ambazo dereva mwenye 0.08 hunyang'anywa funguo. Daktari wetu siku ile alikuwa amezipita saa 20, na mkononi mwake hakukuwa na usukani bali kalamu.

Mungu ameweka ndani ya ubongo wa mwanadamu saa inayokwenda na mchana na usiku. Kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri joto la mwili hushuka, mwitikio wa akili unakuwa mzito, na macho yaliyo wazi yanaweza kulala sekunde chache bila mwenyewe kujua. Yeyote aliyewahi kukesha na maiti, au kukesha kanisani usiku wa mwaka mpya, anaifahamu saa hiyo, wakati nyimbo zinapoanza kuburuta na watoto wote wameshalala kwenye mabenchi. Sisi saa hiyo tukikosea tunaruka ubeti. Daktari saa hiyo anapima dawa ya usingizi kwa ajili ya upasuaji.

Kuna jambo lililotusumbua zaidi ya hilo. Mwaka 2003 ulichapishwa Marekani utafiti wa watu wazima wenye afya waliolala saa 6 tu kila usiku kwa siku 14. Umakini wao ulishuka siku hadi siku, hata ukafanana na wa watu waliokesha usiku mzima. Lakini walipoulizwa wanajisikiaje, walisema wana usingizi kidogo tu. Mtu aliyechoka ni shahidi mbaya wa uchovu wake. Sisi Walutheri tunafundishwa kujichunguza mbele za Mungu kabla ya Ushirika Mtakatifu, na ni fundisho jema. Ila hapa chombo chenyewe cha kujichunguzia ndicho kilichopatwa na usingizi kwanza. Daktari anayesema "bado niko vizuri" huenda hasemi uongo. Hana tu uwezo wa kujua. Inabidi mwingine amwone, kama yule mama alivyoiona nukta.

Dunia ililitambua hili kwa uchungu. Usiku wa tarehe 4 Machi 1984, binti wa miaka 18 aitwaye Libby Zion alipelekwa hospitali moja jijini New York akiwa na homa na kutetemeka. Alihudumiwa na madaktari wawili waliokuwa bado mafunzoni, waliokuwa kazini saa nyingi, na mmoja wao alikuwa na wagonjwa wengine wapatao 40 wa kuwaangalia usiku huo. Binti alikuwa akitumia dawa ya mfadhaiko, akapewa sindano ya kutuliza ambayo haikupaswa kukutana na dawa hiyo. Asubuhi ya tarehe 5 alikuwa amefariki. Baba yake, Sidney Zion, alikuwa mwandishi wa habari na mwanasheria, na hakukubali kunyamaza. Mwaka 1986 baraza la wananchi lililochunguza kifo hicho kwa niaba ya mahakama halikumshtaki daktari yeyote kwa jinai, bali lililaumu namna hospitali zinavyowafundisha na kuwatumikisha madaktari vijana. Mwaka 1989 jimbo la New York likaweka kanuni: madaktari walio mafunzoni wasizidi saa 80 kwa wiki, wala saa 24 mfululizo. Mwaka 2003 kikomo cha saa 80 kikawekwa kwa mafunzo ya madaktari Marekani nzima.

Saa 80! Wiki nzima ina saa 168. Hicho ndicho kilichoitwa kupunguziwa.

Mwaka 2004 watafiti wa Boston waliwafuatilia madaktari tarajali katika wodi za wagonjwa mahututi. Walipofanya zile zamu ndefu za desturi, makosa makubwa yalizidi kwa asilimia 36 yale waliyofanya katika zamu zilizofupishwa. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba daktari tarajali anayeendesha gari kurudi nyumbani baada ya zamu ndefu ana uwezekano zaidi ya mara 2 wa kupata ajali. Tusifiche upande wa pili. Utafiti mkubwa wa mwaka 2016 juu ya mafunzo ya upasuaji haukuona kwamba kubana saa kulipunguza vifo vya wagonjwa, na watu wa kazi hiyo wanaeleza kuwa daktari anapobadilishwa, habari za mgonjwa nazo hupotea wakati wa kukabidhiana zamu. Kwa hiyo sheria ya saa peke yake haiponyi. Lakini hakuna hata mmoja katika hao aliyethibitisha kwamba binadamu anaweza kuishi bila kulala.

Hapo ndipo tulipoanza kuyaona vibaya maneno yetu ya sherehe. Zaburi ya 121 inamtaja mmoja tu asiyesinzia wala kulala, naye ni mlinzi wa Israeli. Sisi tuliichukua sifa hiyo, tukamvika binadamu mwenye damu, mbele ya kusanyiko, kwa maikrofoni. Tulidhani tunamheshimu daktari, kumbe tulimtwisha mzigo wa Mungu kisha tukashangaa mgongo ukipinda. Amri ya kwanza huvunjwa hata kwa vigelegele.

Maandiko yenyewe ni mapole sana kwa wenye usingizi. Eliya alipotamani kufa chini ya mti jangwani, malaika hakumpa hotuba. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, ndipo akamwamsha mara ya pili ale kwa ajili ya safari. Bwana wetu mwenyewe alilala chomboni huku mawimbi yakiingia. Katika Katekisimo Ndogo, Luther akiisha kuelekeza sala ya jioni anamwagiza Mkristo akalale mara moja kwa furaha. Huwa tunaipita sentensi hiyo haraka wakati wa kufundisha kipaimara, kana kwamba si sehemu ya imani. Na yuko Luka, ambaye Wakolosai wanamjua kama daktari. Wainjili wengine wanasimulia kwamba wanafunzi walilala Gethsemane, lakini Luka peke yake anaandika kwamba walilala kwa huzuni. Anatafuta chanzo, kama daktari. Ndiye pia anayetusimulia habari za Eutiko, kijana aliyesinzia Paulo akihubiri mpaka usiku wa manane, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Hakuna neno la kumlaumu kijana. (Wala la kumlaumu mhubiri, jambo ambalo sisi wahubiri tunalishukuru.)

Sasa tulijibu nini swali la daktari? Alirudi mara ya pili kabla ya kusafiri, nasi tulikuwa tumejiandaa kuzungumza naye juu ya amri ya tano. Luther anaeleza kwamba amri hiyo haitukatazi tu kumdhuru jirani katika mwili wake, inatutaka pia tumsaidie katika mahitaji yake ya mwili. Tulitaka kumwonyesha kwamba alivutwa na pande zote mbili za amri moja. Mama aliyeshindwa kujifungua saa nane usiku hawezi kuambiwa asubiri daktari aamke. Kama yupo mmoja tu, na amechoka, lazima aingie chumba cha upasuaji na mikono yake ile ile. Wito wake unamtaka hivyo, na asifanye hivyo kwa woga. Dhambi iko asubuhi yake. Iko pale mtu huyo huyo anapokuta wagonjwa 60 kwenye foleni ya kliniki na hakuna aliyepanga nani awaone, kwa sababu kila mmoja wetu, kuanzia bodi ya hospitali hadi mzee wa mtaa, amezoea kwamba yeye halali.

Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mchungaji, usiku ule, saa kumi na moja kasoro, kabla sijaandika ile dawa, nilikuwa nimepata dakika za kuegemea kiti. Simu ikaita. Ilikuwa namba yako."

Tulikumbuka. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa amesumbuliwa na tumbo, familia yake ikatupigia, nasi tukampigia daktari kuuliza kama vidonge vinywewe kabla ya chakula au baada. Tulimpigia kwa sababu tulikuwa na namba yake, na kwa sababu tulijua atapokea. Hospitalini alikuwapo tabibu wa zamu ambaye angeweza kutujibu. Hata kijikaratasi cha pakiti kingeweza kutujibu.

Hatukuendelea na mafundisho ya amri ya tano. Tulimwomba msamaha, na yeye akasema amesamehe, kisha akaomba ondoleo la dhambi kwa lile lililokuwa lake. Tulilitamka kwa jina la Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Hatukujaribu kupima ni kiasi gani kilikuwa chake na kiasi gani kilikuwa chetu. Jumapili yake ya mwisho alishiriki.

Baada ya hapo baraza la wazee lilikubaliana kwamba namba za simu za madaktari zisigawiwe tena usharikani, na kwamba mwenye mgonjwa usiku asindikizwe hospitali akaonwe na aliye zamu. Wapo waliokasirika. Mmoja alituuliza kama sasa kanisa limeanza kuwafungia watu milango. Tuliendelea pia kuisumbua bodi juu ya daktari wa pili na juu ya mapumziko baada ya zamu ya usiku. Jibu la kwanza lilikuwa hakuna fedha, na kwa kweli hazikuwapo. Ilichukua muda mrefu.

Tulimtafuta na yule mama muuguzi, ili tumshukuru kwa ajili ya mtoto ambaye wazazi wake hawakujua cha kushukuru. Tulimkuta kwake akianika mahindi. Tulimuuliza aliwezaje kuiona nukta ndogo kiasi kile alfajiri ile, kwa mwanga hafifu wa wodi. Alifikiri kidogo. Akasema mchana wa siku ile mkwewe alikuja kuwachukua wajukuu akaenda nao shambani, nyumba ikawa kimya, na yeye akalala tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni.