Kuficha na Kudanganya katika Filamu za Upelelezi

Mtega kitendawili ana haki ya kuficha jibu. Anaruhusiwa kulivika mavazi mageni, hata msikilizaji akatangatanga, akashindwa na kutoa mji. Lakini jibu likishatajwa, sharti kila dalili iliyotolewa ilingane nalo. Mtegaji ambaye dalili zake zilikuwa za uongo hajamshinda mtu. Kwa kipimo hicho yafaa tujiulize: je, mtengenezaji wa filamu ya upelelezi anayo haki ya kumdanganya mtazamaji?

Njia za kuficha ni nyingi. Kamera huuonyesha mkono wa mwuaji bila uso wake. Hupita haraka penye kitu cha maana, ikakawia penye kisicho na maana. Tukio hukatwa kabla mlango haujafunguliwa. Katika hayo yote mtazamaji hunyimwa jambo, lakini alichoonyeshwa kilikuwapo kweli.

Mwaka 1950 Alfred Hitchcock alivuka mpaka huo katika filamu yake Stage Fright, ambayo visa vyake vinatukia London. Kijana Jonathan, anayewakimbia polisi, anamweleza rafiki yake Eve kwamba mwigizaji Charlotte amemwua mumewe. Maelezo hayo hatuyasikii tu, bali tunayaona kwa picha, kana kwamba kamera ilikuwapo. Mwishoni tunagundua kwamba mwuaji ni Jonathan mwenyewe. Katika mazungumzo yake na François Truffaut, yaliyochapishwa mwaka 1966, Hitchcock alikiri kwamba hakupaswa kufanya hivyo.

Wako watakaosema kwamba aliyedanganya ni Jonathan, wala si Hitchcock. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Maneno ya mhusika ni ya mhusika. Bali picha ya tukio lililopita, kwa mazoea ya sanaa hii, huchukuliwa kuwa ushahidi wa msimulizi mwenyewe.

Mwaka huo huo, huko Japani, Akira Kurosawa alitoa Rashomon. Humo kifo cha samurai mmoja kinasimuliwa mara nne: na mnyang'anyi, na mke wa marehemu, na roho ya marehemu kwa kinywa cha mganga, na mkata kuni. Kila simulizi ina picha zake, na haiwezekani zote ziwe kweli. Hata hivyo hatulalamiki. Mahakamani hakimu haonekani, na mashahidi wanaielekea kamera. Nafasi ya hakimu tumepewa sisi, nasi twajua kwamba tunasikiliza watu wanaopingana.

Kwa hiyo kosa halimo katika kuonyesha picha isiyo ya kweli. Limo katika kuitumia imani ya mtazamaji bila kumpa dalili ya kumwezesha kujihadhari. Sisi walimu inatupasa tuwazoeze vijana kuuliza, kila picha inapowekwa mbele yao: ni nani anayesimulia hapa, na ametupa njia gani ya kumpima?