Nilie kwa Msiba wa Nani?

Ukiitwa mchujo wa pili, kila mtu anakuwa mwalimu wako. Vaa nguo zile zile za siku ya kwanza, wakukumbuke. Usibadilishe sauti, walichokipenda ndicho hicho. Jiandae kuambiwa uimbe tena kwa hasira, tena kwa kunong'ona, maana safari hii wanapima kama unaelekezeka. Mengi ya hayo ni kweli. Ila hakuna aliyenisaidia swali lililoninyima usingizi: pale kwenye kulia, nilie kwa msiba wa nani?

Kikundi kimoja cha Arusha kilikuwa kinatafuta waimbaji wa igizo la muziki. Mchujo wa kwanza niliimba wimbo wa kwaya, nikapita. Kwa mchujo wa pili nikapewa ukurasa mmoja: mama amesimama penye kaburi la mumewe, trekta limeshapita juu yake, anaimba. Juu ya karatasi wameandika "Mama wa Kimang'ati". Nikauliza kwa nini mimi. Mwelekezaji akacheka: "Si wewe wa huko huko?"

Huko huko! Mimi ni Mwiraqw wa Mbulu. Wadatoga ni majirani, tumeoleana na tumeibiana ng'ombe, lakini lugha zetu si za familia moja. Yetu ni ya Kikushi, yao ya Kiniloti. Na hilo jina Mang'ati ni la kubandikwa na Wamasai, maana yake adui.

Kisa chenyewe si cha kubuni. Kuanzia miaka ya 1970, mashamba ya ngano ya NAFCO, kwa msaada wa Kanada, yalimeza takriban hekta 40,000 za malisho ya Wabarbaig huko Hanang. Humo yalikuwemo makaburi ya wazee waliozikwa kwa heshima, vilima vya udongo ambavyo mazishi yake huchukua miezi. Plau zikapita. Wanakijiji wa Mulbadaw waliishtaki NAFCO, wakashinda Mahakama Kuu, wakaja kushindwa kwenye rufaa mwaka 1985.

Mfaransa Diderot aliandika kitabu juu ya waigizaji, kikatoka mwaka 1830 yeye keshakufa zamani. Anasema mwigizaji bora hahisi kitu: anawaliza wengine, kichwa chake baridi. Nilimwona mtu mkavu. Rafiki yangu wa kwaya alinishauri kinyume chake: "We tumia ile ya Katesh." Tarehe 3 Desemba 2023 tope lilishuka kutoka Mlima Hanang na watu zaidi ya 80 wakafa. Mimi sikupoteza mtu. Usiku nikajifungia chumbani, nikafumba macho, nikazikumbuka zile picha. Machozi yakaja upesi mno. Nikakimbilia kioo kuangalia kama yanaonekana vizuri.

Hapo nilijichukia, bado bila kujua kosa ni lipi hasa.

Kesho yake nikaenda Basotu kwa shangazi. Jirani yake ni bibi wa Kibarbaig. Nikampa shikamoo, shangazi akawa mkalimani, nikaomba nifundishwe wimbo wa kuomboleza. Bibi akauliza nani amekufa. Nikasema hakuna, ni igizo. Akauliza tena: nani amekufa? Shangazi kwa aibu akaanza kueleza habari za Arusha. Bibi akasema wimbo una mwenyewe, hautolewi tu. Kama nataka atanionyesha mtu anavyosimama akishachoka kulia. Akasimama. Mikono chini, uso kuelekea zizini. Basi. Kuku wakapita miguuni pake.

Mtu anaweza kuniambia kusimama kule nako nimekuchukua, na ni kweli. Lakini bibi alijua anatoa nini na anabakiza nini. Wa Katesh hawakuulizwa. Utasema wafu hawaombwi ruhusa, na kwa kanuni hiyo Ebrahim Hussein asingeandika *Kinjeketile*. Hapo sina jibu zito. Nina dogo tu: Hussein aliwaleta wafu mbele za watu, tukawajadili. Mimi niliwaingiza chumbani kimyakimya ili wanitoe machozi nipate kazi, na jukwaani hakuna ambaye angejua wamo. Kwa hiyo nimejikuta upande wa Diderot, kwa sababu ambayo yeye hakuitaja. Yeye alitafuta ufundi. Mimi naona kule kutokuhisi kunaweza kuwa adabu.

Siku ya mchujo nilisimama vile vile, nikaimba macho makavu. Mmoja wa majaji akasema, "Sasa lia kidogo." Nikamwambia huyu mama ameshalia, wimbo unaanza baada ya hapo. Wakaandika kitu kwenye karatasi zao.

Nafasi ile alipewa mwingine, analia vizuri kweli. Mimi nipo kwenye waitikiaji. Juzi shangazi kapiga simu, bibi anauliza: yule mama wa kwenye igizo, kaburi lake walimrudishia? Nikasema kwenye ukurasa niliopewa haimo.