Sheria ni ya Nani: Aliyeiandika au Anayeifasiri?

Sisi tuliozeekea darasani twakumbuka kosa letu moja. Tuliwaambia wanafunzi wa bweni watunge kanuni zao wenyewe. Wakakesha wakiandika, wakafurahi. Lakini kanuni ya mwisho tuliiandika sisi: maana ya kanuni hizi itaelezwa na mwalimu. Kabla muhula haujaisha, kanuni zote zilikuwa zetu.

Kosa hilo hutujia moyoni tusomapo habari za Hong Kong. Mwaka 1984 Uingereza na China zilipatana kwamba koloni hilo lirudishwe China tarehe 1 Julai 1997. Wenyeji, zaidi ya milioni tano, hawakupigishwa kura juu ya jambo hilo. China iliahidi kwamba maisha yao hayatabadilishwa kwa miaka 50, ikateua kamati ya watu 59 iandike Sheria ya Msingi. Waliotoka Hong Kong walikuwa 23 tu, na mmoja wao alikuwa askofu wa Kianglikana wa huko, Peter Kwong. Mwaka 1989, wakati wa misukosuko ya Beijing, alijiuzulu. Sheria ikapitishwa mwaka 1990.

Ndani yake mna mengi mema: uhuru wa kusema, wa kuabudu, na mahakama zisizoingiliwa. Lakini kifungu cha 158 chaweka mamlaka ya kuifasiri mikononi mwa Kamati ya Kudumu ya Bunge la China. Mwaka 2020 kamati hiyo hiyo iliitungia Hong Kong sheria ya usalama bila kupitia baraza la Hong Kong lenyewe, na wengi wakashtakiwa. Beijing yasema ahadi haikuvunjwa. Wazee wetu walisema kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere.

Je, waliokaa kuandika walipoteza wakati wao? Hapana. Neno lililoandikwa humwezesha mnyonge kusema, "Sivyo tulivyopatana." Asiyeandikiwa lolote hana hata la kushika. Hata hivyo tusijidanganye. Tupewapo ahadi na mwenye nguvu yatupasa kuuliza: tukibishana juu ya maana yake, nani ataamua? Ikiwa ni yeye mwenyewe, basi ametupa fadhili, hajatupa haki.

Swali hilo latuhusu sisi pia tulio wazazi, walimu na wazee wa kanisa. Tuandikapo kanuni kwa ajili ya walio chini yetu, tukubali mtu mwingine aamue maana yake, hata akiamua kinyume chetu. Kule bwenini hatukukubali, na watoto wale walilijua hilo kabla yetu.