Kipande cha Mfukoni

Kilikuwa kidogo, urefu wa kidole cha mwisho, cheusi ti, na ukikiinua juani kingo zake zinapitisha mwanga kama chai ya rangi kwenye bilauri. Mpwa wangu alikigeuza mara mbili, akatazama kulia, akatazama kushoto, akakitia mfukoni. Nilimwona, naye alijua nimemwona.

“Mjomba, kimoja tu. Si unaona vilivyojaa hapa?”

Nikajifanya naweka sawa kofia.

Tulikuwa Guachimontones, juu ya mji mdogo wa Teuchitlán, jimbo la Jalisco, magharibi ya Meksiko. Mimi nilikuwa Guadalajara kwa maonyesho ya vitabu ya kila mwaka; yeye alinifuata kutoka Houston anakosoma. Siku ya mapumziko tukapanda basi asubuhi, mwendo wa saa moja na ushee, tukashuka mjini na kukwea kilima kwa miguu. Jua la pale si la mchezo, na chupa yetu ya maji ilikwisha kabla hatujafika getini.

Piramidi za pale hazina pembe. Ni za duara, ngazi juu ya ngazi, kama sufuria za shughuli zilizofudikizwa, kubwa chini na ndogo juu. Kila moja imezungukwa na uwanja wa mviringo, na uwanja nao umezungukwa na majukwaa ya mawe yaliyobeba nyumba. Wenyeji wa kale walijenga hivyo tangu karne chache kabla ya Kristo hadi karne kadhaa baada yake. Ile inayoitwa La Iguana ina kimo cha kama mita 10, na kileleni pana tundu la kusimikia mlingoti.

Habari za mlingoti zinajulikana kwa sababu mafundi wao walifinyanga vijiji vya udongo, vya kubebeka mikononi: nyumba zimezunguka duara, watu wamejaa uwanjani, na mmoja yuko juu ya mlingoti. Vifinyango kama hivyo walizika navyo wafu wao, katika makaburi yaliyochimbwa kwenda chini kama kisima. Na hapa ndipo pa kusikitisha. Sehemu kubwa ya makaburi hayo ilivunjwa na wezi, vitu vikauzwa ng’ambo. Leo vimo kwenye makabati ya vioo ya Marekani na kwingineko, vimesafishwa na kumulikwa taa, lakini hakuna wa kukwambia kipi kilitoka kaburi lipi, ubavuni mwa nani. Linganisha na kaburi la Huitzilapa, katika jimbo hilohilo, lililokutwa mwaka 1993 halijaguswa. Mlikuwa na watu 6, na kasoro ileile ya kuzaliwa katika mifupa ya uti wa mgongo iliwaonyesha wataalamu kwamba wengi wao walikuwa ndugu wa damu. Familia nzima ikatambulikana, kwa kuwa hakuna aliyetangulia na koleo.

Hicho alichookota mpwa wangu ni obsidiani, jiwe la kioo linalozaliwa na volkano. Aliyewahi kupita Kariandusi, karibu na Gilgil, analijua. Pale Teuchitlán jiwe hilo lilikuwa kisu na biashara ya wenyeji. Inasimuliwa kwamba Phil Weigand, mwanaakiolojia Mmarekani, na mkewe Acelia García, walifika pale mwaka 1969 kuoga chemchemini, na mke ndiye aliyeona vipande vya jiwe hilo ardhini. Vilikuwa vimelala palepale vilipoangushwa, ndiyo maana vikawapeleka hadi kwenye maduara. Jamii nzima ambayo wasomi walikuwa hawaihesabu ikaanza kuhesabiwa.

Nami, ajabu yangu, ni mtu wa kwenda kwenye magofu ya Kunduchi, Dar es Salaam, na kusonya mbele ya nguzo za makaburi zenye mashimo matupu, palipobanduliwa mabakuli ya Kichina. Siku ile sikusonya.

Tukateremka mjini, tukaingia mgahawani, tukaagiza samaki. Mpwa wangu alipoketi tu, akaruka. Akashika paja, na mkono ulipotoka ulikuwa na damu. Makali ya obsidiani hushinda chuma cha kisu cha daktari. Kilikuwa kimepita kitambaa cha mfuko, kikapita ngozi, bila hata kusikika. Mhudumu, mama wa makamo, alileta karatasi na maji. Mpwa wangu akatoa kile kipande, akakiweka mezani kando ya chumvi. Yule mama alikitazama, akatutazama, kisha akanyoosha kidole kuelekea kilimani. Hakusema kitu. Samaki wetu nao hakuwaleta.

Tukarudi juu, huyu anachechemea, mimi nyuma yake na aibu yangu. Njiani ndipo nilipomweleza nilichopaswa kumweleza asubuhi: kwamba kwa sheria ya Meksiko ya mwaka 1972 vitu vya kale vya namna hii ni mali ya taifa, na kuvitoa nchini ni kosa la kifungo.

“Sasa Mjomba, mbona ulinyamaza?”

Sikuwa na jibu, na sijalipata hadi leo.

Mlinzi alikuwa anajiandaa kufunga geti. Alikipokea kile kipande kwa vidole viwili, akaangalia paja lenye damu, akatikisa kichwa. Hakutukemea. Aliuliza jambo moja tu, na Kihispania cha mpwa wangu kilitosha kulielewa: mmekiokota wapi hasa?

Mpwa wangu akageuka kutazama kilima. Akaonyesha upande wa La Iguana, akasita, akaonyesha upande wa piramidi kubwa, kisha mkono ukashuka. Mlinzi akakitumbukiza kile kipande ndani ya kopo la plastiki lililokuwa chini ya meza. Lilikuwa karibu kujaa.